Bwana Mifugo wa Dawa ya Njano

Hakuwa anakusalimia mpaka kwanza amfunue ng'ombe wako kope. Unaweza kuwa umesimama mlangoni mwa zizi, kigoda umeshamwekea kivulini, yeye akakupita kana kwamba wewe ni nguzo ya boma. Anamwendea ng'ombe aliye karibu, anamshika pua kwa mkono mmoja, na kwa kidole gumba cha mkono wa pili anavuta ngozi ya chini ya jicho. Akikuta nyama ya ndani ni nyekundu, ndipo anageuka na kukuuliza habari za watoto. Akikuta imepauka, siku hiyo salamu umeikosa. Mama yangu alikulia Usukumani, kwa watu wanaosalimiana mpaka uji unapoa, na tabia hiyo ilimchefua tangu siku ya kwanza. "Mtu gani huyu anaamkia ng'ombe?" alikuwa akisema. Miaka ikapita, akamzoea, lakini hilo hakumsamehe.

Pale Sibwesa, upande wa Mpanda, wote tulimwita Bwana Mifugo. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, na mkewe bila shaka alilijua, lakini mimi nililisikia mara moja tu na sitaliandika hapa, maana halingemtambulisha kwa mtu yeyote wa kule. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koo linalopanda na kushuka akimeza mate, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimegeuka rangi ya manjano kwa dawa. Havikutakata hata Jumapili. Akinyoosha mkono kutoa sadaka kanisani, watoto walikuwa wakifinyana na kucheka, naye anawakodolea macho mpaka wanaacha.

Nilimjua vizuri kwa sababu nilikuwa binti mtu mzima aliyerudi kwa wazazi. Ndoa ilinishinda kule Shinyanga, nikamfuata baba yangu Sibwesa na watoto wangu wawili, mwanzoni mwa ile miaka ya tisini. Baba alikuwa ametangulia na ng'ombe kufuata majani, kama Wasukuma wengi wa wakati ule. Na majani yalikuwepo, siwezi kukana. Nyasi zilifika kiunoni. Tulichokuwa hatujaambiwa ni kwa nini nyasi nzuri namna ile zilikosa mlaji. Sababu ilikuwa ndorobo, yule nzi wa kijivu anayelaza bawa moja juu ya jingine, ambaye wengine wanamwita mbung'o. Anamng'ata ng'ombe na kumwachia damuni mdudu asiyeonekana kwa macho. Ng'ombe anaendelea kula vizuri tu huku anakonda. Manyoya yanasimama, machozi yanamtiririka, tezi za bega zinavimba, mwenye mimba anaitupa. Mwishowe anajilaza, ukimwinua anakuangalia tu.

Kwa mdudu huyo Bwana Mifugo alikuwa na dawa mbili. Ya njano ilikuja ikiwa chengachenga kwenye pakiti, inachanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha inachomwa ndani kabisa ya nyama. Hiyo ndiyo ya kutibu. Ya pili ilikuwa nyekundu iliyokolea, ya kukinga, inakaa mwilini miezi, na ilikuwa adimu kiasi kwamba wengine tuliisikia kwa sifa tu. Kila boma lilikuwa linajua mdundo wa siku yake: sufuria ya maji jikoni kabla hajafika, halafu anakaa na kuyasubiri yapoe, hataki kuharakishwa, anaimba kwa puani wimbo mmoja wa kanisa ambao hakuwahi kuumaliza. Ukimletea maji ya mtungini kwa haraka zako, anayamwaga mbele ya macho yako.

"Dozi ni dozi," ndiyo ilikuwa kauli yake, akaisema mpaka watoto wakaigeuza kuwa mchezo. Mmoja anashika kijiti kama sindano, wenzake wanakimbia, naye anafoka: "Dozi ni dozi!" Alikuwa na kauli nyingine niliyoipenda zaidi: "Nusu ya dawa ni chakula cha mdudu." Alitufafanulia hivyo hivyo, kwa maneno ya nyumbani. Mdudu ukimpa dawa kamili, anakufa na hakuna habari. Ukimpa nusu, wale dhaifu wanakufa, wagumu wanabaki, na wagumu hao ndio wanaozaa. Ndorobo anakuja, anawabeba, anawapeleka kwa jirani yako. Kesho jirani anachoma dozi kamili na haisikii, mdudu anabaki mzima. "Basi wewe uliyebana dawa yako umekula ng'ombe wa mwenzako," alikuwa akimalizia, na kukutazama kama mwizi.

Ili ajue dozi ya kila ng'ombe, alimpima kifua kwa utepe. Hapo ndipo aligombana na wazee wetu. Sisi hatupendi ng'ombe kuhesabiwa hadharani, wala kupimwapimwa kama kitambaa dukani. Mtu anaona unaita macho mabaya. Baba alikuwa anageuzia uso upande wa msitu mpaka upimaji uishe. Wazee wengine walimwambia waziwazi, "Bwana Mifugo, sisi tunamjua ng'ombe kwa macho." Naye anajibu, "Macho yako yanamjua wa jana. Mimi nataka uzito wa leo." Kazi ya kuudhi watu alikuwa anaifanya bila kuchoka.

Mtu akisikia haya atadhani alikuwa mpenzi wa ng'ombe. Hata kidogo. Maziwa hakunywa, alisema yanamnukia kwapa. Nyama alikula ya mbuzi. Kwao ni kusini, walima mahindi, na aliwahi kuniambia kwamba mpaka anaenda chuoni hajawahi kugusa mkia wa ng'ombe. Kilichompeleka kwenye kazi ile ni kwamba nafasi za kilimo zilijaa. Tena huyo huyo wa dozi ni dozi, akiugua malaria, alikuwa anameza vidonge siku ya kwanza, homa ikitulia anavitupa vilivyobaki dirishani. Mkewe ndiye alituchekea siri hiyo kisimani. Akamuuliza siku moja mbona kwa ng'ombe anakuwa mkali hivyo na kwake hapana. Akamjibu, "Mimi si ng'ombe wa mtu."

Nilimwona mara moja akiwa mpole, na hata hapo mambo yaliishia pabaya. Kulikuwa na bibi mmoja katika makazi ya Warundi ya Mishamo, mlokole, mwenye ng'ombe mmoja tu duniani. Baba alikuwa amenituma huko kununua mbegu za maharage, nikamkuta Bwana Mifugo amesimama na bomba la sindano limeelekezwa juu, bibi amempigia magoti ng'ombe wake anaomba. Sala ya walokole wa kule haina haraka. Nikangoja nimwone akifoka. Hakufoka. Alisimama na sindano yake mpaka bibi aliposema amina, naye akasema amina, kisha akasema, "Sasa mama, mshike kichwa." Bibi akamwita mwana wanje, mwanangu.

Lakini alikuwa amechelewa kuitwa, na ng'ombe alikufa siku ile ile mchana, mimi nimeshaondoka. Majirani wakaja na visu. Ilikuwa miezi ya njaa, siwalaumu. Bwana Mifugo akawaambia nyama ina dawa, haifai kuliwa, ifukiwe. Hawakusikia. Basi akaketi juu ya mzoga. Mtu mzima, mtumishi wa serikali, amekalia ng'ombe aliyekufa huku watu wamemzunguka na visu, na bibi analia pembeni. Alikaa hapo mpaka shimo likachimbwa na kufukiwa. Kesho yake shimo lilikuwa tupu. Aliponisimulia hakucheka, wala hakuwatukana. Alisema tu, "Wale watoto wao walikuwa na matumbo makubwa ya njaa."

Tatizo jingine lilikuwa maduka ya mjini. Huduma za serikali zilianza kupungua, dawa ikaachiwa wenye maduka, na kila mwenye rafu tatu akawa daktari. Mfugaji mmoja alileta pakiti aliyoinunua Mpanda, anajisifu ameipata rahisi. Bwana Mifugo akaifungua, akainusa, akatia kidogo ulimini. Akamrudishia pakiti taratibu. "Hii kampe mkeo," akamwambia. "Kapikieni mchuzi." Ilikuwa manjano ya jikoni imesagwa na kufungwa vizuri kwa karatasi. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yule mfugaji alikuwa ameshachoma nusu ya kundi lake, na kicheko hicho kiliisha haraka.

Sasa nifike kwenye zizi letu, maana nimezunguka vya kutosha.

Ng'ombe waliokuwa zizini kwa baba hawakuwa wote wa baba. Kwetu kuna desturi tunaiita kubilisa. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki pamoja, anawagawa kwa marafiki anaowaamini, ili ugonjwa au wezi wakipiga boma moja, wengine wabaki. Anayewatunza anakunywa maziwa na kupata ndama mara mojamoja. Mwenye mali anaweza asije kuwaangalia mwaka mzima. Ng'ombe akifa, mtunzaji anakausha ngozi na kumwonyesha mwenyewe, kuthibitisha hajamuuza. Lakini ngozi ni kitu kidogo. Kitu kikubwa ni jina lako. Mtu aliyepewa ng'ombe wa watu ni mtu ambaye watu wamesema, huyu ni mkweli. Baba yangu hakuwa na cheo, hakusoma, hakuwa hata na sauti nzuri ya kuongea mkutanoni. Alikuwa na hilo. Rafiki yake mkubwa, mzee mmoja wa Magamba waliyetoka naye kijiji kimoja Usukumani, alikuwa ameweka kwake karibu nusu ya zizi.

Masika moja mvua zilikata madaraja. Lori la mjini halikufika wiki baada ya wiki, na nyasi zilivyozidi kupanda ndorobo nao walizidi, mpaka wakawa wanatufuata ndani ya nyumba. Ng'ombe wakaanza kulala chini. Baba alimtuma mtu kwa Bwana Mifugo, naye akaja kwa miguu, baiskeli imekwama kwenye tope. Pikipiki ya serikali ilikuwa imekufa siku nyingi. Alikuwa na mkoba wake wa turubai, na ndani yake pakiti chache za njano, za mwisho alizokuwa nazo. Alipita zizi zima akifunua kope, hakumsalimia mtu. Kisha akamjia baba.

"Mzee, dawa hii haitoshi. Inawatosha chini ya nusu ya hawa."

"Wagawie kidogo kidogo wote," baba akasema. "Mpaka barabara ifunguke."

"Nikiwagawia wote nimewaua wote. Chagua. Utakaowaonyesha kwa fimbo, hao nawachoma dozi kamili. Waliobaki tunamwachia Mungu."

Baba akaegemea fimbo yake. "Bwana Mifugo, zizi hili si langu peke yangu. Humu kuna wa dada yangu, kuna wa huyu binti, kuna wa watu. Nitasemaje huyu apone, huyu afe? Mimi ni nani?"

"Wewe ndiye mwenye zizi. Mimi sindano, wewe fimbo."

Nilikuwa nimesimama na sufuria ya maji yaliyopoa. Nilimchukia Bwana Mifugo saa ile, nasema kweli. Nilikuwa na ng'ombe wangu mmoja mle ndani, maziwa yake ndiyo yalikuwa uji wa watoto wangu, na nilijua baba akichagua kwa haki ng'ombe wangu hayumo. Mama alikuwa ameketi chini, ameshika kichwa.

Baba akaingia katikati ya ng'ombe. Alitembea polepole, akimgusa huyu mgongo, yule pembe. Halafu akasimama, akanyoosha fimbo kwa jike la kahawia lenye pembe zilizolala. Mimi na mama tulitazamana. Sisi wa nyumbani tulijua yule ni wa nani: alikuwa wa mzee wa Magamba, na nyuma yake walikuwa wamesimama wengine wa mzee wa Magamba. Bwana Mifugo hakujua. Ng'ombe aliwajua kwa macho na vifua vyao, habari za nani anamiliki yupi hakuwahi kuuliza, alisema ugonjwa hauulizi mwenye mali.

Na hapo, kabla fimbo haijagusa mgongo wa yule jike, Bwana Mifugo akasema, "Acha, mzee. Shusha fimbo. Tutagawa."

Baba aligeuka. Nadhani hakuamini. "Umesemaje?"

"Tutagawa. Wote."

Mama akainuka, akaenda ndani, akamletea kibuyu cha maziwa. Yeye asiyekunywa maziwa, akayapokea na kuyanywa, koo linapanda na kushuka. Kisha akafanya kazi. Utepe wake haukutoka mfukoni siku hiyo. Alichoma kila ng'ombe kidogo, sawa kwa sawa, na ule wimbo wake wa puani haukusikika. Alipoondoka baba alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana, na alikuwa analia. Nami nilishukuru. Ng'ombe wangu alikuwa amepata dawa.

Ng'ombe waliinuka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba waliinuka. Manyoya yalilala, wakaanza kung'aa kidogo, na baba akachinja mbuzi. Akasema Bwana Mifugo alikuwa anatutisha tu. Halafu kabla mvua hazijaisha wakaanza kukonda tena, na safari hii walikonda wote pamoja. Barabara ikafunguka, dawa ikaja, Bwana Mifugo akaja na utepe, akachoma dozi kamili kwa kila mmoja. Haikusikia. Akarudia. Haikusikia. Nyekundu ikapatikana wakati wa kukinga umeshapita. Alikuwa anafika kila siku anamfunua kope yule yule aliyemfunua jana, anarudi nyumbani kwake. Boma la jirani nalo likaanza, na la jirani wa jirani. Kila alichotufundisha kilitokea kama alivyokifundisha, tena kwa mkono wake.

Mwisho wa kiangazi zizi letu lilikuwa na ng'ombe wachache wa kuhesabika kwa vidole. Na nani anajua Mungu anapangaje mambo yake: waliobaki walikuwa wa kwetu. Ng'ombe wangu mmojawapo. Wa mzee wa Magamba hakubaki hata ndama.

Baba alikausha ngozi zote, akazipanga, akatuma habari. Yule mzee akaja. Alizigeuza ngozi moja moja, akaangalia alama za masikio, akakubali kwamba ni zake. Kisha akainua macho akatazama zizini, akawaona wale wetu wanatafuna.

"Rafiki yangu," baba akasema, "dawa tuligawa sawa kwa sawa."

"Naona," yule mzee akajibu. "Ila ugonjwa wa huku Sibwesa umesoma. Unajua kusoma alama za masikio."

 Baba aliwafungua waliobaki wote, na wangu, akampa aondoke nao. Sikumzuia, ningeanzia wapi? Yule mzee aliwapokea, akaondoka nao, na maneno yake hayakupungua kwa hilo. Kwetu mtu akilipa haraka hivyo, wengine wanasema alikuwa na la kuficha. Habari ikatembea Magamba, ikarudi Sibwesa. Hakuna aliyemwekea baba ng'ombe tena. Hakuna hata aliyemwomba ushauri juu ya ng'ombe. Akashika jembe, akalima tumbaku na mahindi, mtu ambaye mikono yake haikujua jembe.

Bwana Mifugo aliyasikia hayo akiwa ameshahamia mjini. Serikali ilikuwa inapunguza watumishi, naye jina lake lilikuwemo. Akajenga vyumba viwili Shanwe, akawa anatibu mbuzi na nguruwe wa watu. Mimi nilikuwa nikienda Mpanda kuuza samli ya kununua kwa wenzangu, nikapita kwake nikamweleza ilivyo. Hakungoja nimalize chai. Akatoa baiskeli, akanipakia nyuma, tukaenda Magamba kwa yule mzee.

Tulimkuta ametulia uani. Bwana Mifugo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaanza na salamu. Akamweleza kila kitu: pakiti chache, zizi lote, sindano nusu nusu. "Mimi ndiye niliyegawa," akasema. "Hakuna ng'ombe aliyependelewa. Kosa ni langu, si la rafiki yako."

Yule mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, kicheko kidogo cha puani. "Wewe Bwana Mifugo. Wewe uliyemfukuza kijana wangu mwaka juzi kwa sababu aliomba nusu dozi. Wewe ambaye watoto wa wilaya nzima wanakuimba. Leo ndiyo unaniambia uligawa nusu? Nyie mmekubaliana. Amekupa nini?"

Bwana Mifugo akaishika baiskeli yake. Alikuwa ametumia miaka yote ile kuwafanya watu waamini kwamba hawezi kufanya alichofanya, na walikuwa wameamini. Tulirudi Shanwe kwa miguu, anaikokota baiskeli, mimi nyuma. 

Baba hakumlaumu kamwe. Mtu akimtaja Bwana Mifugo kwa ubaya, alikuwa anamkatiza: "Yule alituonea huruma." Baba alifariki mwishoni mwishoni mwa miaka ile, kwa kifua. Msibani walikuja watu wachache, wakulima wenzake wa tumbaku na walokole wa Mishamo. Wafugaji walituma salamu.

Baada ya arobaini nilikwenda Shanwe kumpa habari, kwa kuwa hakuna aliyempelekea. Nilimkuta uani na mkewe wanapukuchua mahindi, ungo katikati yao. Alikuwa amezeeka kwa kasi. Vidole vilikuwa vimetakata, vyeupe kwa vumbi la magunzi, na nilivishangaa kama vya mtu mwingine. Akanipa pole, mkewe akanipa pole, nikavuta kigoda nikashika hindi.

Tulipukuchua kwa muda. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Mayu, nikwambie kitu ambacho sikumwambia mzee." Neno hilo mayu alilijifunza kwetu, ndivyo tunavyomwita mwanamke kwa heshima.

"Niambie, baba."

"Siku ile. Watu wanadhani nilimwonea huruma kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe wanakufa, nimezoea. Nilimwona aliponyoosha fimbo. Nikasema, haya, anaanza na wa kwake. Kila mtu anaanza na wa kwake, hata mimi ningeanza na wa kwangu. Nikasema mzee huyu akishafanya hivyo, ng'ombe wa rafiki yake wafe wakati wake wamepona, hataweza kuishi. Jina lake ndilo kila kitu alicho nacho. Nikamzuia. Nilitaka kumwepusha na aibu."

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa mzee, na aliyekufa amekufa. Lakini nilikuwa na hasira ya miaka, na baba yangu alikuwa kaburini na sifa ya mwizi.

"Yule wa kahawia alikuwa wa mzee wa Magamba," nikamwambia. "Na waliokuwa nyuma yake, wa mzee wa Magamba. Baba alikuwa anaanza na wa watu. Alikuwa anataka wapone wao, wetu wafe."

Mikono yake ikasimama. Hindi lilikuwa limepukuchuliwa nusu. Mkewe akatutazama, akamtazama yeye.

"Alijua?" akasema mwishowe. "Alijua nilimdhania nini?"

"Hapana, baba. Amekufa anasema ulimwonea huruma."

Akainamisha kichwa, na mkewe akaendelea kupukuchua peke yake.